Shangazi wa Mpala na Taa za Ndagala

Ninyi mliobaki kule kilimani mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali, kwanza kwa sababu sasa nalala usiku kama watu wengine na mchana nina nguvu za kuandika, na pili kwa sababu mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza kama ni kweli zamani tulipima nyota kwa mshale wa saa. Haukuwa mshale wa saa. Nitaeleza. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Cheo nilichopata kilinibadilishia kiti tu, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilifika kituo chetu cha nyota hapo Kalemie nikitokea Bendera, ambako baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya umeme. Nilikua nikisikia maji yakinguruma na kuona mishale ikitetemeka kwenye vioo vya vipimo, na kabla sijajua kupika vizuri nilijua kufungua kipimo kilichokufa na kukifufua. Nyota nilizijua zile ambazo kila mtu anazijua, yaani kwamba zipo. Lakini kituo kilitafuta mtu wa vipimo, si mtu wa nyota, na mkubwa wa kituo, Papa Anselme, alikuwa amechoka na mafundi waliokuja wakiwa na maneno mengi.

Siku ya kwanza hakunionyesha mbingu. Alinipa fimbo ndefu yenye kitambaa, akaniambia mavu wamejenga ndani ya bomba la darubini na kwamba kazi yangu ya kwanza katika sayansi ni kuwahamisha kwa heshima. Waliondoka bila heshima yoyote, nami nilirudi nyumbani jicho moja limevimba. Kesho yake Papa Anselme aliniangalia, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza swali moja tu: kama najua kungoja. Nilimjibu kwamba mimi ni mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto wengi, nimengoja zamu yangu ya kila kitu. Akasema basi, kazi nimepata.

Mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa Mpala, karibu na misioni, katika familia ya wavuvi na wakulima, akasomea fizikia na kuifundisha miaka mingi kabla ya kupewa kituo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa kwenye baridi na kwenye joto. Hakupandisha sauti hata siku moja. Ukikosea alikuwa anavua miwani na kuifuta taratibu, na wewe unajua mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kukagua nyota zinazopwita zilizo jirani. Jirani kwa hesabu za mbinguni, maana hata iliyo karibu zaidi usiombe kuifikia kwa treni ya Nyunzu. Nyota hizo hazitulii: zinavimba na kusinyaa, zinavimba na kusinyaa, kama mtu anayepumua usingizini, na mwanga wao unapanda na kushuka kwa kufuata pumzi hiyo. Nyingine humaliza pumzi moja kati ya chakula cha jioni na kulala. Nyingine huchukua mwaka na zaidi. Wenzetu walioko nchi mbalimbali waligawana nyota hizo, kila kituo na zake, na sisi tulipewa zile za kusini ambazo wao kwao hazitoki kabisa.

Sasa ule mshale. Nyuma ya darubini tulifunga kipima-mwanga, kopo zito lenye tundu dogo, na mwanga wa nyota ukiingia pale mshale unasogea. Mkono mmoja unashika darubini, jicho linasoma mshale, na kitenge kiko begani kwa ajili ya umande. Kulikuwa na utaratibu ambao hata leo na kamera zenu haujabadilika: unapima nyota, halafu unapima shahidi, halafu mbingu tupu, halafu unarudi kwa nyota. Shahidi ni nyota ya karibu yake isiyobadilika, ya kukuambia kama ni nyota yako iliyofifia au ni moshi wa watu wanaochoma mashamba. Mbingu tupu unaipima kwa sababu giza la mbingu nalo lina mwanga wake, na lazima uutoe. Nilijifunza utaratibu huo mpaka nikawa nauimba nikifua nguo.

Umeme wetu ulitoka Bendera, na mimi kama mtoto wa Bendera sikupenda ulaumiwe. Lakini jioni mji mzima ukiwasha taa na pasi, nguvu ilikuwa inashuka na mshale unashuka nayo. Mara ya kwanza nilikimbia kumwambia Papa Anselme kwamba nyota zote za kusini zinafifia. Hakunyanyua hata kichwa. Alisema nyota ikififia peke yake ni habari, zikififia zote pamoja uwaulize Bendera kwanza. Baadaye tulihamia kwenye batri na paneli za jua, na ndugu zangu wa Bendera wakapumzika na maswali yangu.

Ipo kesi moja ngumu ambayo nataka muielewe, kwa sababu yote yaliyofuata yanatoka hapo. Kwa miaka kadhaa nyota zetu za upande wa ziwa zilionyesha kitu cha ajabu. Kila mwezi, kwa siku zilezile zisizo na mbalamwezi, zilikuwa zinang'aa zaidi kidogo, halafu zinarudi. Wenzetu wa mbali walitupongeza kwanza, kisha wakaanza kuuliza maswali, kisha wakanyamaza, na kunyamaza kwa watu wa sayansi si kuzuri. Tulifungua kipimo, tukakisafisha, tukabadilisha nyaya. Papa Anselme alifuta miwani yake mpaka nikaihurumia.

Jibu tulilipata sokoni, kwenye meza za ndagala, hao dagaa wa ziwa letu. Mbalamwezi ikiwaka ndagala hawakuwa wengi, na muuzaji mmoja alimwambia Papa Anselme angoje giza, ndipo wavuvi watawasha taa na samaki watapanda. Papa Anselme alisimama pale na mfuko wake mtupu kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kumbe wakati wa giza, ambao sisi tunaupenda kwa ajili ya nyota, ziwa zima linajaa taa. Mnaziona kila mwezi: mitumbwi miwili imefungwa pamoja, wavu katikati, taa mbele inayowavuta ndagala. Mwanga ule unapanda na kuosha sehemu ya chini ya mbingu. Nasi siku zote tulipima mbingu tupu upande wa juu wa nyota, kwa sababu darubini ilinyanyuka vizuri zaidi kuliko ilivyoshuka. Juu mbingu ilikuwa nyeusi, chini ilikuwa na taa, na tofauti yote tulikuwa tunaipa nyota. Kwa miaka kadhaa tuliwapimia wenzetu uvuvi wa Kalemie.

Tangu hapo tunapima mbingu tupu pande mbili, juu na chini. Nikisikia kwamba mmoja wenu ameruka upande wa chini kwa sababu ya uvivu, nitapanda kilima hicho na magoti yangu haya.

Kwa nyota zinazong'aa vya kutosha, dawa hiyo ilitosha. Kwa moja haikutosha. Hii ndiyo Shangazi.

Shangazi ni nyota nyekundu ambayo haipandi juu kamwe. Inatokea juu ya ziwa upande wa Mpala, inakwenda chinichini, inazama. Jina lake la kweli ni herufi na namba ndefu. Tulimwita Shangazi kwa sababu anakuja amejaa, amenawiri, halafu anakonda kidogo kidogo mpaka unamtafuta, na hakuambii kwa nini. Pumzi yake inachukua mwaka na zaidi. Kunenepa kwake tulikuwa nako, kupungua kwake tulikuwa nako. Kilichokosekana ni pale chini kabisa, anapokonda mpaka mwisho. Kila mara alipofika pale alikutwa na masika, mawingu yamefunga, na sisi tumekaa tunasikiliza bati.

Mwaka mmoja kabla ya Papa Anselme kustaafu, hesabu ilituonyesha kwamba safari hii Shangazi atafika chini mwishoni mwa kiangazi, jioni, mbingu ikiwa wazi. Wakati huohuo wenzetu walitutumia ujumbe kwamba ukaguzi unafungwa mwisho wa mwaka, na nyota yoyote isiyokamilika itaondolewa. Nyota zetu nyingine zote zilikuwa zimekamilika. Alibaki yeye tu. Na alikuwa nyota ya Papa Anselme, iliyotoka juu ya kijiji chake, aliyoanza kuipima kabla sijamjua. Alisema tu angependa asimwache nje.

Tatizo mnaliona. Akiwa amekonda vile, mwanga wowote unammeza. Mbalamwezi inammeza. Na giza likirudi, taa za ndagala zinammeza, kwa sababu zote ziko hapohapo chini yake. Tulipima jioni ya kwanza ya giza na mshale wetu, ambao siku hizo ulikuwa umeshakuwa namba kwenye kioo, ulicheza tu. Tulikuwa tunapima taa.

Basi tulishuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kwenda kumwona Mama Riziki. Yeye alitoka pwani ya kaskazini, upande wa Fizi, akaja Kalemie na mtumbwi mmoja wa marehemu mumewe, na wakati huo alikuwa na mitumbwi mingi na ndiye prezidenti wa wavuvi wa mwalo ule. Mwanamke mfupi, sauti nzito. Tulimkuta anageuza ndagala juu ya mchanga. Papa Anselme alieleza vizuri sana, kama darasani, juu ya nyota na pumzi zake, na akaomba kwamba kwa jioni chache mitumbwi ichelewe kuwasha taa.

Mama Riziki alimsikiliza mpaka mwisho, bila kuacha kugeuza. Kisha akasema, "Papa, mwezi ikiwaka siye tunakaa bure. Watoto wanafukuzwa masomo juu ya kukosa kulipa minerval, tunakaa bure. Giza ikirudi, njo tunaanza kuishi. Wewe uko na mushahara. Siye mushahara yetu njo giza."

Papa Anselme alimshukuru. Akanunua ndagala, tukapanda kilima. Mimi nilikuwa na majibu mengi, lakini yote yalinijia njiani, na yote yalikuwa mabaya.

Siku mbili baadaye kaka mkubwa wa Mama Riziki alifariki. Alikuwa mzee, ameugua muda mrefu. Mwalo ule una desturi kwamba mtu wao akifa, mitumbwi inavutwa mchangani na hakuna anayeingia ziwani mpaka azikwe. Jioni ile nilitoka nje ya kituo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona wakati wa giza: ziwa jeusi lote, bila taa hata moja. Mbingu ilikuwa safi. Shangazi alikuwa pale juu ya upande wa Mpala, mdogo, peke yake.

Nasema ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliharakisha kufungua paa, nikaondoa kitenge kwenye darubini, nikawasha kipimo kipate joto. Ndipo nikamwona Papa Anselme mlangoni amevaa koti lake la kijivu na viatu vya kanisani. Nilimwambia afanye haraka.

"Funika darubini, Feza," akasema. "Tunaenda kilioni."

Nilimwambia tunaweza kupima kwanza, halafu kwenda. Nilimwambia giza kama hili hatutalipata tena. Alivua miwani, nami nikajua.

"Hii giza si yetu," akasema. "Iko ya marehemu."

Nilifunika darubini. Nilikuwa na hasira, na sioni sababu ya kuipamba: nilikuwa na hasira na Papa Anselme, na marehemu, na mimi mwenyewe kwa kumkasirikia marehemu. Nilichukua sufuria na unga, tukashuka. Usiku ule nilikaa mkekani na wanawake, nikaimba nao nyimbo za kilio, na kila nilipoinua macho nilimwona Shangazi kati ya paa mbili, anateremka. Papa Anselme alikaa na wanaume kwenye moto, hakugeuka kumtazama hata mara moja. Shangazi alipozama nililia, na wanawake walionizunguka wakanifariji wakidhani nilimjua mzee vizuri. Mama Riziki alituona wote wawili. Alitushika mkono, mmoja mmoja.

Baada ya maziko taa zilirudi ziwani, kama ilivyo haki. Giza lilikuwa linaelekea mwisho; mwezi mchanga ulikuwa karibu kuonekana, na baada yake mvua. Tulianza kuongea juu ya mambo mengine. Alasiri moja nikasikia mtu anahema nje, nikatoka, nikamkuta Mama Riziki ameshika kiuno, amepanda kilima chote kwa miguu na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Alikataa kiti. Alimuuliza Papa Anselme nyota yake inahitaji muda gani.

Papa Anselme alifikiri. Alisema ni kama muda wa kusonga bugali na kuila bila haraka.

"Jioni ya leo basi," akasema Mama Riziki. "Wavuvi watatoka, watajipanga na wavu zao, watangoja. Mukimaliza, muwashe taa yenu ya mukono muizungushe. Bila kuona ile, hakuna muntu wangu atawasha." Alipofika mlangoni aligeuka. "Mulilala na siye kilioni. Niliona."

Jioni ile tulitayarisha kila kitu kabla jua halijatua. Giza liliposhika tulisikia makasia chini, na sauti za wavuvi zikipungua kadiri walivyokwenda. Mitumbwi yote ilikuwa ziwani na hakuna iliyoonekana. Mimi nilishika darubini, Papa Anselme alisoma namba. Nyota, shahidi, mbingu juu, mbingu chini, nyota tena. Tukarudia, na tukarudia. Namba hazikucheza. Zilishuka mpaka pale hesabu iliposema, zikatulia.

Papa Anselme alikaa kwenye kisanduku cha batri akazitazama. Mimi nilijishughulisha na kupima shahidi mara moja zaidi, kisha nikafunga vifuniko, kisha nikakunja kitenge. Yeye bado alikuwa anatazama, anatabasamu kama kijana. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Ilikuwa zaidi ya bugali, zaidi ya bugali na kuosha vyombo. Nikatoka nje kunyoosha mgongo, nikaangalia ziwa.

Lilikuwa jeusi bado. Taa ya mkono, aliyoichukua Papa Anselme mwenyewe ili asisahau, ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Watu wote wale walikuwa kule majini, wavu tayari, samaki wanapita chini yao, usiku unakwenda na mshahara wao, na hakuna hata mmoja aliyewasha.

Nilichomoa taa mfukoni mwake bila kumwomba ruhusa. Niliizungusha mpaka bega likauma. Kule mbali ikawaka taa moja, halafu ya pembeni yake, halafu ziwa lote likajaa mpaka karibu na Mpala, na Shangazi akapotea ndani ya mwanga. Papa Anselme alikuja kusimama karibu nami. Alilia waziwazi, na mimi pia, na hatukuoneana haya.

Shangazi aliingia katika ukaguzi, mzima. Papa Anselme alistaafu mwaka uliofuata, akarudi Mpala kulima mihogo, na ananitumia salamu na lawama kwa boti. Mama Riziki alikataa shukrani zetu zote. Alitaka kitu kimoja, aone ni nini walichokingojea. Alipanda kilima jioni iliyofuata, kabla mwezi haujatuharibia, kabla mitumbwi yake haijawasha. Nilimwekea darubini sawa, nikampa kibao asimame. Aliweka jicho, akakaa muda mrefu sana, anapumua polepole. Nilimuuliza kama amemwona.

"Nakaona," akasema, bila kuondoa jicho. "Kadogo vile." Akajisogeza kwenye kibao. "Na siye wote tulikangojea."